Mwalimu wa kuimba aliyelichungulia koo lake kwa kioo: je, kuona kulimfaa kitu?

#1 Mwana wa Kibokoni

Asalaam aleikum wanajukwaa. Ninafundisha vijana qaswida hapa Mji wa Kale, Mombasa, na kwa mwezi mzima nimekuwa nikisoma habari za mwalimu wa kuimba aitwaye Manuel García, Mhispania aliyezaliwa tarehe 17 Machi 1805 na kufariki London tarehe 1 Julai 1906, akiwa na umri wa miaka 101. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuliona koo la binadamu aliye hai likitoa sauti, na koo lenyewe lilikuwa lake.

Mwaka 1854 alikuwa akitembea katika bustani ya Palais Royal, Paris, alipoona jua likimeta kwenye vioo vya madirisha. Wazo alilokuwa akihangaika nalo kwa miaka mingi likamjia limekamilika. Akaenda moja kwa moja kwa Charrière, mtengenezaji wa vyombo vya tiba, akanunua kioo kidogo cha meno chenye mpini mrefu kwa faranga 6. Akakipasha joto katika maji ili pumzi isikitie ukungu, akakifuta, akakiegemeza kwenye kimio chake, kisha kwa kioo cha pili alichokishika mkononi akauelekeza mwanga wa jua ndani ya kinywa. Pale pale akaona mwanya wa nyuzi za sauti ukiwa wazi mbele yake.

Maswali yangu ni mawili. Kwa nini jambo hili lilimfikia mwalimu wa kuimba na si tabibu? Na je, kuona kulimfanya awe mwalimu bora? Mimi nadai kwamba kulimfanya, kwa sababu mwalimu asiyejua sauti inazaliwaje hufundisha kwa kubahatisha, na nasema hivyo nikijua kwamba mimi mwenyewe nimebahatisha kwa miaka mingi.

#2 Bahari ya Likoni

Waaleikum salaam. Uzi mzuri, ila neno «wa kwanza» lina walakini. Benjamin Babington, daktari wa London, alionyesha kioo cha kuchungulia koo mwaka 1829, yaani miaka 25 kabla ya matembezi hayo ya Palais Royal. Na kabla yake, mwanzoni mwa karne hiyo ya 19, Philipp Bozzini, daktari wa Frankfurt, alikuwa ameshaunda chombo cha kupeleka mwanga wa mshumaa ndani ya mwili kwa kutumia vioo. Kwa hiyo matabibu walikuwapo njiani.

Jambo la pili, wasomaji wasimchanganye na baba yake, ambaye pia ni Manuel García. Baba alikuwa mwimbaji wa tena, yaani sauti ya juu ya kiume, na ndiye aliyeimba kwa mara ya kwanza nafasi ya Almaviva katika opera ya mtunzi Rossini mjini Roma mwaka 1816. Dada wa huyu mwalimu, Maria Malibran na Pauline Viardot, walikuwa waimbaji wakubwa wa zama zao.

#3 Mwana wa Kibokoni

Shukrani kwa masahihisho, nayakubali. Hata hivyo García hakuishia kuchungulia. Mwaka 1855 maelezo yake yalisomwa mbele ya Royal Society ya London, jumuiya ya wanasayansi, na humo alieleza jinsi nyuzi zinavyokaribiana mtu anapotaka kutoa sauti, na jinsi zinavyobadilika sauti inapopanda kutoka ya kifua kwenda ya juu. Kuona mlango ni jambo moja, na kueleza unavyofungwa na kufunguliwa ni jambo jingine.

#4 Muuguzi wa Tudor

Nimefanya kazi katika kliniki ya masikio, pua na koo kwa miaka 14, na kioo hicho kidogo cha mpini nimekishika mara zisizohesabika. Swali la kwanza la mleta uzi linadhani kwamba García hakuwa na uhusiano na tiba, na hapo ndipo ninapotofautiana naye. Mwaka 1830 alijiunga na msafara wa jeshi la Ufaransa uliokwenda Algiers, na aliporudi alihudumu katika hospitali za kijeshi, ambako alijifunza viungo vya mwili. Mwandishi wa maisha yake anasimulia kwamba alikuwa akileta nyumbani makoo ya kuku, ya kondoo na ya ng'ombe, akayapulizia hewa kwa mvukuto ili asikie yanatoa sauti gani. Mtu wa namna hiyo ni nusu tabibu tayari.

Naongeza la uzoefu. Wagonjwa wengi, kioo kikigusa tu kimio, hupata kichefuchefu na kumsukuma mhudumu mkono. García alikuwa na koo lenye uvumilivu wa pekee. Huenda sababu kubwa kuliko zote ni hiyo: kwamba alimpata mgonjwa mtulivu, naye ni yeye mwenyewe.

#5 Mpiga Udi

Ndugu Muuguzi ameanzia hospitalini, mimi ningeanzia jukwaani. Tarehe 29 Novemba 1825 familia yote ya García ilisimama katika ukumbi wa Park Theatre, New York, kuimba opera ile ile ya Rossini iliyotajwa katika bandiko la pili. Baba alikuwa Almaviva, mama alikuwamo, Maria alikuwamo, na kijana Manuel, mwenye miaka 20, aliimba nafasi ya Figaro. Kutoka hapo walikwenda Meksiko, na walipokuwa njiani kuelekea bandari ya Veracruz majambazi wakawapora walichokuwa nacho. Sauti ya kijana ilikuwa imetumikishwa kupita nguvu zake, na kufikia mwaka 1829 alikuwa ameliacha jukwaa.

Hapo ndipo ninapoiona sababu. Mwenye sauti isiyomsumbua hana haja ya kuuliza inatoka wapi. Mimi niliimba katika kikundi cha taarab hapa Majengo tangu nikiwa na miaka 16, harusi hadi alfajiri, mara nyingine usiku tatu mfululizo, na nilipofika miaka 24 sauti ya juu ilikuwa imeniondoka. Ndipo nilipoanza kuwasikiliza waimbaji kwa makini ambayo sikuwahi kuwa nayo nilipokuwa nikiimba mwenyewe: marehemu Juma Bhalo anavuta pumzi wapi, anaanzaje neno, anaachia wapi. Udi niliuchukua baada ya hapo. Aliyepoteza hutafuta.

#6 Maalim wa Mtongwe

Nimefuatilia kwa hamu, na ninaomba kuingiza jambo ambalo naona limesahauliwa. García alifundisha kwamba sauti ianzishwe kwa tendo aliloliita kwa Kifaransa «coup de glotte», yaani nyuzi za sauti zikutane kwanza, kisha pumzi iziachanishe kwa wepesi, ili noti ianze safi bila kuburuzwa kutoka chini wala kutanguliwa na mvumo wa hewa. Nilipoyasoma maelezo hayo nilifunga kitabu kwa mshangao, kwa sababu alichokieleza ni hamza, ile herufi ya Kiarabu inayotamkwa kwa kulifunga koo kisha kuliachia.

Kila mtoto wa chuo cha Qur'ani anajua kwamba herufi za kooni ni 6 na kwamba zimegawanywa mahali 3: hamza na hāʾ chini kabisa ya koo, ʿayn na ḥāʾ katikati, ghayn na khāʾ juu karibu na kinywa. Wataalamu waliipanga hesabu hiyo zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Palais Royal, bila kioo na bila jua, kwa kusikiliza na kwa kuhisi. Basi swali la pili la mleta uzi ninalijibu hivi: kioo hakikumwonyesha García jambo ambalo sikio lililofundwa lisingemwonyesha.

#7 Mpiga Udi

Maalim, kwa heshima zote, hamza ni herufi na García alikuwa akizungumzia noti. Mwimbaji anapoanza neno «Ewe» katika ubeti wa taarab hatamki hamza ya msomaji, la sivyo wimbo wote ungekuwa wa kukatika katika.

#8 Maalim wa Mtongwe

Ndugu yangu, mwambie mwanafunzi wako aanze «Ewe» bila kukutanisha nyuzi, halafu usikilize kitakachotangulia. Utasikia pumzi, na pumzi hiyo ni hāʾ. Atakuwa ameimba «Hewe». Hakuna njia ya tatu.

#9 Mama wa Changamwe

Naomba nisimulie kisa kabla hamza haijatuchukua sote.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, watoto zaidi ya 60 katika chumba kimoja, mabati juu na barabara ya malori kando. Mwaka wangu wa sita sauti ikawa ya kukwaruza, na mwaka wa saba nikaamka asubuhi sina sauti kabisa. Daktari aliniambia ninyamaze wiki kadhaa. Shule niliyokuwa nikifundisha wakati huo ilinipa siku tatu. Nilirudi darasani nikinong'ona, na nikaja kuambiwa baadaye kwamba kunong'ona kulizidisha madhara. Sauti niliyo nayo leo si ile niliyozaliwa nayo, na wanangu hawaijui ile ya kwanza.

Ndiyo maana kisa cha García kinachonigusa si cha kioo. Mwaka 1841 Jenny Lind, msichana wa Uswidi mwenye miaka 20, alifika kwake Paris akiwa ameichosha sauti kwa kuimba opera mfululizo. García alimsikiliza, akamwambia kwamba hakuna faida ya kumfundisha kwa kuwa sauti haikubaki, kisha akamwagiza akae wiki 6 bila kuimba na azungumze kwa nadra awezavyo. Msichana akatii. Aliporudi, mwalimu akasikia kwamba kuna cha kujengea, akamfundisha, na mwaka uliofuata alikuwa tena jukwaani Stockholm. Mwalimu wa kuimba ambaye dawa yake ya kwanza ni kunyamaza, huyo ndiye ningemtaka awe mkuu wangu wa shule.

#10 Muuguzi wa Tudor

Pole sana Mama. Uliyoambiwa kuhusu kunong'ona tunawaambia wagonjwa kila siku: kunong'ona kwa kukaza koo si mapumziko. Na walimu ni miongoni mwa watu tunaowaona sana kliniki, pamoja na makanga wa matatu na wauza bidhaa wa mitaani wanaonadi siku nzima.

Niruhusiwe pia kumpinga Maalim. Vinundu tunavyoviona kwenye nyuzi za sauti mara nyingi ni vya watu wanaozigonganisha kwa nguvu kila wanapofungua kinywa. Walimu wengi wa kuimba waliokuja baada ya García waliikataa ile «coup de glotte» kwa sababu hiyo hiyo, wakisema inaumiza. Kama ni hamza, basi ni hamza inayojeruhi.

#11 Bassi wa Kengeleni

Bwana asifiwe, na salamu kwa wote. Ninaimba sauti ya nne katika kwaya upande wa Kisauni, na naona tunamtukuza mwalimu wa matajiri. García alifundisha waimbaji wa opera, mmoja mmoja, kwa ada. Aliyefundisha umati ni Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, aliyebuni njia ya kusoma muziki kwa silabi, na baada yake John Curwen, aliyeieneza njia hiyo kwa jina la tonic sol-fa. Wamisionari waliileta huku, na mpaka leo wanakwaya wengi hujifunza nyimbo kwa «d, r, m» zilizoandikwa ubaoni wala hawajawahi kuona mistari mitano ya nota. Kwetu mwanzilishi ni huyo mama.

#12 Bahari ya Likoni

Bassi, hoja yako inastahili uzi wake, na ukiufungua nitakuwa wa kwanza kuchangia. Lakini Glover alifundisha watu noti ipi waimbe. García aliuliza noti hiyo inatengenezwaje kooni. Kwaya yako inayajua ya Glover vizuri sana. Je, tena zenu zikifika juu hazikazi shingo?

#13 Bassi wa Kengeleni

Zinakaza. Nimekubali, naendelea kusoma.

#14 Kijana wa Nyali

Mimi ni mwanafunzi wa fizikia na ningependa kuongeza sababu ambayo haijatajwa, nayo ni mwanga. Ndani ya koo ni giza. Mshumaa wa Bozzini ulikuwa hafifu. García alifaulu kwa sababu alilitumia jua lenyewe. Ushahidi ni yaliyotokea Vienna miaka mitatu baadaye: daktari Ludwig Türck alianza kutumia kioo cha aina hiyo kwa wagonjwa mwaka 1857, lakini majira ya baridi yalipoingia na jua kupotea akasimamisha kazi. Vioo vyake akaviazima Johann Czermak, ambaye alibadilisha jua kwa taa na kioo kikubwa kilichobonyea chenye kukusanya mwanga. Baada ya hapo ndipo kioo cha koo kilipoenea hospitalini. Kwa hiyo jibu la «kwa nini yeye» linaweza kuwa jepesi kuliko mnavyodhani: siku ile jua liliwaka, naye alikuwa na kioo.

#15 Mpiga Udi

Kijana, jua liliwaka kwa wote waliokuwa Palais Royal siku ile. Mombasa linatuwakia miezi 12 na hakuna aliyechungulia koo lake.

#16 Maalim wa Mtongwe

Namjibu ndugu Muuguzi wa bandiko la 10, kwa kuwa pingamizi lake ni la haki.

Wataalamu wa zamani walilijua tatizo hilo. Sibawayh, mwanasarufi wa Kiarabu aliyeishi karne ya 8, aliielezea hamza kuwa mkazo unaotoka kifuani kwa juhudi, akasema Waarabu waliiona nzito kwa sababu inafanana na kutaka kutapika. Ibn al-Jazari, mtaalamu wa visomo vya Qur'ani aliyefariki mwaka 1429, alionya dhidi ya wasomaji wanaoitoa namna hiyo hiyo, kama mtu anayetapika, na akataka itoke laini na nyepesi. Katika kisomo cha Warsh, mojawapo ya njia za kusoma Qur'ani, hamza nyingi hulainishwa au huachwa kabisa, wakati sisi huku pwani tunaosoma kwa njia nyingine, ya Hafs, tunazitamka. Maana yake ni kwamba kuna hamza ya kupiga na hamza ya kugusa.

Sasa tazameni García. Yeye naye alionya kwamba tendo lake lisichanganywe na msukumo wa kifua unaofanana na kikohozi. Mmoja alitaja kutapika, mwingine kikohozi, na wote wawili walikuwa wakikimbia kosa lile lile. Nadhani walimu walioikataa mbinu hiyo waliikataa kwa makosa ya wanafunzi wa wanafunzi wake.

#17 Muuguzi wa Tudor

Maalim, ninaiheshimu hoja hiyo na nimeinukuu kwa daktari ninayefanya naye kazi. Alisema kwamba jina lenyewe ndilo lililoleta balaa, kwa kuwa «coup» ni pigo, na mwanafunzi akiambiwa apige atapiga. Mimi bado nina shaka. Kama maelekezo hueleweka vibaya na wengi kiasi hicho, sehemu ya lawama ni ya aliyeyatoa.

#18 Mwana wa Kibokoni

Niliacha kuandika kwa wiki moja ili nijaribu. Nina vijana 11. Niliwaomba waanze qaswida moja inayofungua kwa irabu, kwanza kama wanavyoizoea, kisha kwa hamza nyepesi aliyoieleza Maalim. Saba walisikika wazi zaidi, na maneno yalifika mpaka baraza ya nyumba ya pili. Wawili hawakubadilika. Wawili waliobaki, ambao ni wale wakali wa sauti, walikaza koo mpaka nikawasimamisha. Kwa hiyo nina ushahidi wa Maalim na ushahidi wa Muuguzi katika chumba kimoja, na sijui niseme nini.

#19 Mpiga Udi

Mleta uzi, tuachane na hamza kidogo turudi kwenye dai lako la bandiko la kwanza, kwamba kuona kulimfanya awe mwalimu bora. Tazama tarehe. Alipeleka andiko lake kuhusu sauti ya binadamu kwa Académie des sciences ya Paris mwaka 1840, na sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha kufundishia ilitoka wakati huo. Ya pili ikafuata 1847. Jenny Lind aliyetajwa na Mama alipona 1841. Mathilde Marchesi, ambaye baadaye naye alimfundisha mwimbaji mashuhuri Nellie Melba, alisoma kwake miaka ya 1840. Mwimbaji Julius Stockhausen vivyo hivyo. Kioo ni 1854. Kazi yake kubwa ya ualimu ilikuwa imeshasimama kabla hajaona chochote. Alichokifanya mwaka 1854 ni kuhakikisha alichokuwa ameshakisikia.

#20 Mwana wa Kibokoni

Tarehe zako zimenibana, sikatai. Lakini alifundisha Royal Academy of Music ya London tangu 1848 mpaka 1895, alipokuwa na miaka 90. Zaidi ya miaka 40 ya kazi hiyo ilikuja baada ya kioo. Mtu aliyethibitisha jambo kwa macho hufundisha kwa utulivu tofauti na mtu anayeliamini tu, hata kama maneno anayoyasema mbele ya mwanafunzi hayajabadilika.

#21 Bahari ya Likoni

Na bado kioo hakikuwa chombo chake cha darasani. Kilichukuliwa na matabibu, na matabibu ndio waliomwenzi. Chuo kikuu cha Königsberg kilimpa udaktari wa heshima wa tiba mwaka 1862. Siku alipotimiza miaka 100, Machi 1905, wataalamu wa koo wa nchi nyingi walikusanyika London kumpongeza, Mfalme Edward VII alimpokea na kumpa nishani, wafalme wa Hispania na Ujerumani wakamtunuku pia, na picha yake iliyochorwa na John Singer Sargent ikakabidhiwa kwake. Waimbaji wanamkumbuka kwa ubishi wa jinsi ya kuanza noti, na hospitali zinamkumbuka kwa kioo. Sijui yeye mwenyewe angechagua lipi.

#22 Mama wa Changamwe

Mimi ningechagua zile wiki 6.

#23 Kijana wa Nyali

Ndugu Mpiga Udi alisema katika bandiko la 15 kwamba hakuna aliyechungulia koo lake hapa Mombasa. Leo asubuhi saa tatu nilipanda darini na kioo cha meno nilichokinunua dukani, bakuli la maji ya moto, na kioo cha kunyolea cha babu yangu. Jua lilikuwa mgongoni kwanza, nikageuka. Mara tatu za mwanzo nilipata kichefuchefu, kama alivyotabiri ndugu Muuguzi. Mara ya nne niliuona ulimi, kimio, na nyuma yake kitu chekundu kilichokunjamana kama ukingo wa sikio, kisha ukungu ukakifunika kioo. Nyuzi sikuziona. Muuguzi, naomba unielekeze: kioo kilale kwa pembe gani, na niseme irabu ipi ili njia ifunguke?

#24 Muuguzi wa Tudor

Ulichokiona ni kifuniko cha koo, hukuwa mbali. Kioo kilale nusu, kikitazama chini na mbele, kikiinue kimio taratibu bila kugusa ukuta wa nyuma. Jipime joto la kioo mgongoni mwa mkono kabla hujakiingiza, kisikuunguze. Mtu mwingine akushikie ulimi kwa kitambaa safi, wala usiuvute kwa nguvu. Kisha sema «iii» kwa sauti ya juu, kwa wepesi, kwa sababu irabu hiyo huusogeza ulimi na kifuniko mbele. Usifanye zaidi ya mara mbili kwa siku.

#25 Maalim wa Mtongwe

Na utakapoianza hiyo «iii», Kijana, angalia kinachotokea kabla ya sauti kutoka, kisha urudi utuambie kama nyuzi ziligusana au zilipigana.